Daktari Carl Koller na Dawa ya Ganzi

Kila aliyeng'olewa jino hospitalini anaijua sindano ya ganzi, lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeifungua njia hiyo. Kwa hiyo napenda kuwapa habari fupi za maisha yake.

Carl Koller alizaliwa mwaka 1857 katika Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Alikuwa Myahudi. Alisomea udaktari mjini Vienna, Austria, akatumaini kupata kazi ya msaidizi katika matibabu ya macho. Nusukaputi ya etha ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1846, lakini mgonjwa aliweza kutapika alipozinduka, na jicho lililopasuliwa likaharibika. Basi wengi walipasuliwa mtoto wa jicho wakiwa na fahamu zao, wakisikia maumivu yote.

Mwaka 1884 rafiki yake, Sigmund Freud, alikuwa akichunguza kokaini, dawa itokayo katika majani ya mmea wa koka wa Amerika ya Kusini. Madaktari walioionja walisikia ulimi umekufa ganzi, nao wengi hawakulijali jambo hilo. Koller akajiuliza kama ulimi hufa ganzi, jicho je? Freud alipokuwa safarini, Koller aliingia maabara akatonesha kokaini katika jicho la chura. Punde si punde chura akaguswa jicho bila kushtuka. Akajaribu kwa sungura na mbwa. Kisha yeye na mwenzake wakajitonesha wenyewe, wakayagusa macho yao kwa kichwa cha pini, wasisikie kitu.

Tarehe 15 Septemba 1884 habari hizo zilisomwa katika mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg, Ujerumani. Zilisomwa na daktari mwingine, kwani Koller hakuwa na nauli. Muda si muda zikaenea Ulaya na Marekani.

Lakini sifa hazikumpatia kazi. Mwaka 1885 daktari mmoja alimtukana kwa Uyahudi wake. Koller akampiga, nao wakapigana kwa panga, kama ilivyokuwa desturi ya huko. Koller hakuumia, ila kazi aliyoitamani hakuipata kamwe. Akaondoka Vienna, akakaa Uholanzi kwa muda, na mwaka 1888 akahamia New York. Huko alitibu macho ya watu miaka mingi, akafariki mwaka 1944.

Kokaini ina sumu, tena humfanya mtu mtumwa wake. Kwa hiyo wataalamu walitafuta dawa nyingine. Leo dawa za ganzi zimegawanywa hasa makundi mawili: esta, kama kokaini na prokaini, na amaidi, kama lidokaini iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943. Prokaini huvunjwa upesi katika damu, lakini lidokaini huvunjwa na ini. Zote huziba vijitundu vya neva vipitishavyo sodiamu, na habari ya maumivu haifiki ubongoni.

Kwa maoni yangu, Koller hakuwazidi wenzake kwa vyombo wala kwa fedha. Aliwazidi kwa swali moja. Nasi tulio Kidato cha Sita tunao vyura na maabara. Tusione haya kuuliza. Tena tusimdharau mwenzetu kwa kabila wala dini yake, maana Vienna ilimpoteza mtu wa namna hiyo kwa dharau tu.