Maisha ya Michael Grzimek, Aliyehesabu Wanyama wa Serengeti

Wengi wetu tumepata kusikia habari za Serengeti, lakini ni wachache, hasa huku kwetu Kigoma, wanaojua habari za kijana aliyezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, chini ya mnara wa mawe. Jina lake ni Michael Grzimek. Alikufa akiwa na umri wa miaka 24 tu, naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika nchi hii waliojaribu kujua, kwa hesabu na kwa alama, mahali waendapo wanyama wa porini.

Michael alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Dakta Bernhard Grzimek, alikuwa mganga wa wanyama, na mwaka 1945, vita vilipokwisha, akawa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Basi Michael alikulia kati ya wanyama, akapenda pia kazi ya kupiga picha. Alipokuwa kijana alisafiri na baba yake mpaka Kongo, na mwaka 1956 wakatoa filamu iliyoonyesha jinsi wanyama wa Afrika wanavyokosa mahali pa kukaa. Filamu ile ilipendwa sana, ikawaletea fedha nyingi.

Fedha hizo walitaka kuzitumia kununua ardhi ya kuongeza katika Hifadhi ya Serengeti. Mkuu wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Bwana Peter Molloy, akawashauri vingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeazimia kubadili mipaka ya Serengeti, lakini hapakuwa na mtu aliyejua sawasawa wanyama ni wangapi, wala huenda wapi mvua zinapoanza na zinapokoma. Kilichohitajiwa kwanza kilikuwa elimu.

Baba na mwana wakajifunza kurusha eropleni. Wakanunua moja ndogo, wakaipaka milia myeusi na myeupe kama punda milia, na Desemba 1957 wakaondoka Ujerumani, wakapita Misri na Sudani mpaka Afrika Mashariki. Mwezi wa Januari 1958 wakaanza kuhesabu. Waliigawa nchi katika vipande, wakaruka chini chini, wakienda na kurudi kwa mistari kama mkulima alimaye matuta, huku wakihesabu kila kundi walilolipita. Jumla walipata wanyama 366,980, na kati yao nyumbu 99,481. Leo twajua ya kuwa hesabu yao ilipungua, kwa maana mwaka 1961 wataalamu wengine waliona nyumbu zaidi ya laki mbili. Walakini wao ndio waliotangulia, na anayetangulia ndiye apasuaye njia.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nyumbu mmoja hufanana na mwingine kama punje za mahindi, basi utajuaje kama huyu umwonaye leo ndiye yule wa mwezi jana? Wakawakamata baadhi ya wanyama, wakawavika shingoni mikanda ya rangi kali, kisha wakawatafuta kutoka angani. Kwa njia hiyo wakaona jambo kubwa: wakati wa mvua makundi yalikwenda kwenye nyanda za majani mafupi upande wa mashariki, nje ya mpaka mpya uliokusudiwa. Mpaka ulichorwa juu ya karatasi, lakini nyumbu hasomi ramani.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Huko angani tumbusi aligonga bawa la eropleni, usukani ukakwama, ikaanguka, naye akafa. Alizikwa Ngorongoro, akaacha mke kijana. Baba yake hakuiacha kazi. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani mwaka 1960, na Dakta Grzimek alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Mwaka ule ule wa 1959 mipaka ilibadilishwa. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti wakapewa kukaa Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Michael na baba yake waliamini kuwa hifadhi isikaliwe na watu, hata wafugaji. Jambo hilo lina mabishano mpaka leo, na haifai kulificha, kwani mchungaji naye ana njia zake za maji na malisho, tena yeye aweza kuulizwa akajibu.

Mkanda wa Michael ulikuwa na upungufu mmoja: ulihitaji jicho liuone. Usiku ukiingia, au mnyama akijificha kichakani, habari zake zilikatika. Mwaka 1961, huko Yellowstone, Marekani, ndugu wawili pacha, Frank na John Craighead, walimvika dubu mkanda wenye redio ndogo. Mkanda wa namna hii hutoa mawimbi, na mtafiti mwenye antena na chombo cha kupokelea husikia mlio. Akigeuza antena, mlio huwa mkubwa upande aliko mnyama. Na akisikiliza kutoka mahali pawili, mistari miwili hukutana pale alipo. Siku hizi hapa Tanzania tembo huvikwa visukuma mawimbi vinavyopeleka habari kwa njia ya setilaiti, na askari wa wanyama pori huweza kujua mapema tembo wakikaribia mashamba.

Sisi wa Kalinzi tu majirani wa Gombe. Huko sokwe wamefuatwa tangu mwaka 1960 kwa miguu na kwa macho, na wengi wa wanaowafuata ni wenyeji wa vijiji vya mwambao. Njia ni mbalimbali, lakini swali ni lile lile la Michael: mnyama huyu huenda wapi, na kwa nini? Wanafunzi wenzangu, kesho baadhi yetu tutakuwa wapimaji na maofisa wa kuchora mipaka kati ya shamba na msitu. Tukumbuke kujua kwanza, ndipo tuchore.