Bertha Benz, mwanamke aliyezivika breki ngozi

SIFA za kuvumbua gari humwendea Carl Benz. Mkewe, Bertha, hutajwa kwa nadra, ilhali bila yeye huenda mashine ile ingeozea karakanani.

Bertha Ringer alizaliwa Mei 3, 1849 mjini Pforzheim, Ujerumani. Mnamo 1871, kabla hata ya kuolewa, alimsihi babake ampe mapema mali aliyomtengea kwa ajili ya ndoa, akamkomboa mchumba wake kutoka kwa mshirika wa biashara asiyeaminika. Walioana 1872. Hataza ya gari ilipotolewa 1886, ilibeba jina la mume peke yake.

Wateja walisitasita. Ndipo alfajiri moja ya Agosti 1888, bila kumwarifu mumewe, Bertha alipoondoka Mannheim kwa gari hilo pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, kwenda kwa mamake Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia.

Milimani wavulana walishuka kusukuma. Hata hivyo, hatari kubwa ilikuwa kuteremka. Breki zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamizwa kwenye magurudumu kwa wenzo wa mkono, na mbao hizo ziliteleza na kulika upesi. Katika kijiji cha Bauschlott, Bertha alimwendea mshona viatu, akamwagiza apigilie ngozi juu yake. Ngozi hushika kuliko mbao, na ikiisha hubadilishwa bila kugusa breki yenyewe. Kwa sababu hiyo wengi humhesabu kuwa mwanzilishi wa bitana za breki.

Kazi hiyo haijabadilika sana. Fundi anayefunga bitana mpya katika gari kuukuu humwonya mwenyewe asikanyage breki kwa ghafla siku za mwanzo, bali azishike taratibu mara nyingi, mpaka bitana na chuma vilaliane vizuri. Asiyesikia huishia na breki zinazolia na kuvuta upande mmoja.

Bertha alirejea salama, na Carl akaongeza gia ya kupandia milima.

Mume alifariki 1929. Bertha alifariki mjini Ladenburg Mei 5, 1944, siku mbili baada ya kutimiza miaka 95. Tangu 2008 njia aliyopitia imewekewa vibao vya ukumbusho, na Bauschlott imo.