Kipofu aliyesomea Kiarabu

Wapo wazazi wanaomkataza kijana kusomea Kiarabu chuo kikuu, eti atakula nini. Kila nikiwasikia humkumbuka Taha Hussein wa Misri.

Alizaliwa kijijini mwaka 1889, akapofuka akingali mtoto mdogo kwa ugonjwa wa macho uliotibiwa na kinyozi. Alihifadhi Qur'an, na mwaka 1902 akaingia Al-Azhar. Chuo Kikuu cha Misri kilipofunguliwa jijini Cairo mwaka 1908, alijiunga nacho. Huko shairi halikuwa la kukariri na kuchambua nahau tu. Mwanafunzi alitakiwa aeleze nani kalitunga, lini na katika hali gani. Mwaka 1914 akawa wa kwanza kupata udaktari chuoni hapo, kwa utafiti juu ya Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu kama yeye.

Kitabu chake cha mwaka 1926 kilidai kuwa sehemu kubwa ya mashairi ya Jahiliya ilitungwa baada ya kuja Uislamu, na humo akatia shaka hata habari za Nabii Ibrahim na Ismail. Hapo mimi simtetei. Masheikh walikuwa na haki ya kumjibu. Alishitakiwa, kesi ikafungwa mwaka 1927, naye akakitoa upya kitabu bila maneno yale.

Lakini ni huyo huyo aliyeteuliwa Waziri wa Elimu mwaka 1950, akafuta ada katika shule za sekondari za serikali, na watoto wa masikini wakaingia madarasani.