Bobby Moore: Nahodha aliyeishinda saratani ya kwanza, akaangushwa na ya pili

JULAI 30, 1966, kijana wa miaka 25 alipanda ngazi za Uwanja wa Wembley, London, kupokea Kombe la Dunia kutoka kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Alipoziona glavu nyeupe za Malkia, aliipangusa kwanza mikono yake iliyochafuka, ndipo akampa mkono.

Kijana huyo alikuwa Bobby Moore, nahodha wa England. Kati ya maelfu waliomshangilia siku ile, wachache mno walijua kwamba miezi 20 tu kabla ya hapo alikuwa amelala kitandani hospitalini akitibiwa saratani.

Robert Frederick Chelsea Moore alizaliwa Aprili 12, 1941 huko Barking, mashariki ya London, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea. Akiwa na miaka 17, Septemba 1958, aliichezea West Ham United mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Manchester United.

Hakuwa beki mwenye mbio, wala hakusifika kwa mipira ya vichwa. Alichojaliwa ni jicho: aliuona mpira unakokwenda kabla mshambuliaji hajauona, hivyo mara nyingi hakuhitaji kukimbia. Mei 1963, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa unahodha wa England kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata aliiongoza West Ham kutwaa Kombe la FA, na waandishi wa habari za michezo wakamchagua mchezaji bora wa mwaka.

Novemba 1964 alikutwa na uvimbe katika korodani. Ilikuwa saratani. Madaktari hawakupoteza wakati. Korodani hiyo iliondolewa, naye akakaa nje ya uwanja kwa miezi kadhaa. Magazeti yaliambiwa kwamba nahodha ameumia kinena.

Zama zile neno saratani lilitamkwa kwa kunong'ona hata huko Uingereza, sembuse saratani ya sehemu za siri za mwanasoka. Moore mwenyewe hakupenda kulizungumzia. Ni baada ya kifo chake ndipo umma ulipokuja kufahamu jeraha lile lilikuwa nini hasa.

Hata hivyo tiba iliwahi, na matokeo yake yalionekana. Mei 1965 alirejea Wembley na kuinua Kombe la Washindi la Ulaya, baada ya West Ham kuifunga 1860 Munich mabao 2-0. Mwaka mmoja baadaye ndipo England ilipoichapa Ujerumani Magharibi 4-2, huku pasi zake mbili zikizaa mabao ya Geoff Hurst.

Mwaka 1970, England ikielekea kutetea taji nchini Mexico, alishikiliwa kwa siku kadhaa jijini Bogotá, Colombia, akituhumiwa kuiba bangili katika duka la hoteli. Tuhuma hiyo haikuthibitishwa, na kesi ikafutwa. Alitoka kizuizini, akajiunga na wenzake, na katika mechi dhidi ya Brazil akacheza mchezo ambao wengi huuhesabu kuwa bora kuliko yote aliyowahi kucheza. England ilifungwa 1-0, na kipenga cha mwisho kilipolia, Moore na Pelé walibadilishana jezi wakiwa vifua wazi, wakicheka. Picha hiyo imezunguka dunia nzima.

Aliichezea nchi yake mara 108, mara 90 akiwa nahodha. Mwaka 1974 alihamia Fulham. Baada ya kutundika daluga hakupata kazi kubwa ya ukocha iliyolingana na jina lake, jambo ambalo chama cha soka cha nchi yake kingeweza kulitazama upya bila kujivunia. Alifundisha Southend United kwa kipindi kifupi, kisha akawa mchambuzi wa soka katika redio ya Capital Gold.

Saratani ya pili haikuja kwa kishindo. Kwa mujibu wa mjane wake, Stephanie, dalili zilimsumbua kwa miaka kadhaa, lakini zilidhaniwa kuwa matatizo ya kawaida ya utumbo uliokorofika. Aprili 1991, mwezi aliotimiza miaka 50, alifanyiwa upasuaji wa dharura. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na haikuwa changa.

Hapo ndipo penye ugumu wa maradhi haya. Aghalabu huanza kama kijinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, kisichouma. Kijinyama hicho huweza kuchukua miaka 10 hivi kugeuka saratani, na daktari akikiona mapema kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, hukiondoa papo hapo. Damu katika choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito au upungufu wa damu usio na sababu ni dalili za kumwona daktari; lakini watu huona haya kusimulia habari za choo, na wengi hujituliza kwamba ni bawasiri. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kuwa wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 wanaogunduliwa katika hatua ya kwanza huishi miaka mitano au zaidi. Katika hatua ya nne, ni takriban 1 kati ya 10.

Moore aliishi na ugonjwa huo karibu miaka miwili, na muda mwingi hakutangaza. Desemba 1991 alimwoa Stephanie. Aliendelea kwenda kazini. Ilikuwa Februari 14, 1993 alipoutangazia umma kwamba anaugua, na kwamba saratani imeshafika kwenye ini. Siku tatu baadaye alikuwa Wembley na kipaza sauti, akichambua mechi ambayo England iliifunga San Marino 6-0. Alifariki Februari 24, akiwa na miaka 51, wa kwanza kuaga dunia kati ya wale 11 wa fainali ya 1966.

Mwaka huohuo Stephanie alianzisha mfuko unaobeba jina la mumewe, wa kugharimia utafiti wa saratani ya utumbo. Mwaka 2006 England ilianza kuwapelekea kwa posta watu wa miaka 60 na zaidi vifaa vya kupima damu isiyoonekana kwa macho kwenye kinyesi. Tangu 2021 umri huo ulishushwa hatua kwa hatua hadi miaka 50. Ni haki kusema kwamba hata umri huo usingemfaa Moore. Yeye alihitaji mtu wa kuzipima dalili zake alipoanza kuzieleza.

Pelé, aliyebadilishana naye jezi, aligunduliwa uvimbe kwenye utumbo mpana Septemba 2021, katika vipimo vya kawaida alivyokuwa ameviahirisha kwa sababu ya janga la korona. Alifariki Desemba 29, 2022, akiwa na miaka 82.