Sir Alan Cobham, rubani aliyetafuta njia ya ndege hadi Ziwa Victoria

ZAMANI abiria waliotoka Uingereza kwa ndege wakifika Kisumu walitua majini, si ardhini. Njia hiyo ilitafutwa na Sir Alan Cobham, mzaliwa wa London mwaka wa 1894, ambaye katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa akitunza farasi wa jeshi kabla ya kujifunza urubani.

Novemba 1927 aliondoka kwao pamoja na mkewe, Gladys, katika ndege ya Short Singapore, yenye injini mbili na tumbo mithili ya mashua. Alifuata Mto Nile hadi Ziwa Victoria, akalizunguka bara la Afrika, maili 20,000 hivi, akarejea 1928. Hoja yake ilikuwa nyepesi: viwanja vilikuwa haba, lakini maji yalikuwapo tayari.

Alitamani kuendesha safari hizo mwenyewe, hata akaunda kampuni. Serikali ya Uingereza ikaipendelea Imperial Airways, naye akalipwa fidia akajitoa. Ndege zilizoanza kutua Kisumu mwaka wa 1931 hazikuwa zake.

Baadaye aligeukia ufundi wa kujaza ndege mafuta zikiwa angani, akaanzisha kampuni mwaka wa 1934. Alifariki 1973.