Von Götzen: Gavana Aliyepitia Gisenyi

Katika mji wa Gisenyi, ambao siku hizi umo katika Wilaya ya Rubavu, kipo kituo cha mpakani kiitwacho Grande Barrière. Upande huu ni Rwanda, upande wa pili ni Goma, na Ziwa Kivu li karibu. Askari wa zamu mahali hapo hulinda mstari ambao wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza waliukubali huko Brussels mwaka 1910, pasipo mwenyeji yeyote kuulizwa. Leo tunawasimulia wasomaji wetu, hasa wavaao sare, maisha ya mtu ambaye safari yake iliwapa Wajerumani hoja ya kudai ardhi hadi ufukoni pale.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa tarehe 12 Mei 1866 katika ukoo wa makabaila wa Silesia, akawa ofisa wa wapanda farasi. Mwezi Desemba 1893 aliondoka Pangani na msafara wake. Mei 1894 aliingia Rwanda, akaonana na Mwami Kigeli Rwabugiri, akapanda mlima Nyiragongo, akafika Kivu, kisha akakata misitu ya Kongo hadi karibu na Bahari ya Atlantiki. Kwenye ramani za Ulaya nchi ya Mwami huyo ilikuwa imekwisha gawiwa. Mwenyewe hakuwapo kwenye ugawaji.

Baadaye Götzen alipelekwa Washington kuwa mwambata wa kijeshi, na mwaka 1898 akaitazama vita ya Wamarekani huko Cuba. Mmoja wa wapiganaji wa vita hiyo, Theodore Roosevelt, alichaguliwa mwaka huohuo kuwa gavana wa New York. Gavana wa jimbo la Marekani, awe na itikadi ya namna gani, hana budi kurudi kwa wapiga kura. Götzen aliyaona hayo kwa macho yake. Alipofanywa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1901, aliyemteua alikuwa Kaisari, na hapakuwa na raia wa nchi hii aliyeweza kumwondoa. Tena, alikuwa pia kamanda wa jeshi la koloni: aliyetunga amri ndiye aliyeamuru bunduki.

Itikadi yake ilikuwa nyepesi kuieleza: koloni lijilipie gharama, na mwenyeji afundishwe kazi kwa kulazimishwa. Kuanzia mwaka 1902 vijiji vya kusini vililimishwa mashamba ya pamba kwa ujira ambao wengine waliona haya kuupokea. Mwaka 1905 ikaja kodi ya kichwa ya rupia 3. Mwezi Julai mwaka huo Wamatumbi waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Hapa msomaji askari aangalie kwa makini. Huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji waliiendea boma uso kwa uso wakakatwa na bombomu. Waliozishika nyingi ya bunduki za Mjerumani walikuwa askari Waafrika. Wenyeji walipoacha mapambano ya wazi na kuingia porini, maofisa wa Götzen waligeukia silaha nyingine, nayo ni njaa: maghala yalichomwa, mashamba yakaharibiwa. Wanahistoria wamekadiria waliokufa kuwa hata 250,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa. Kwa maoni yetu, hiyo haikuwa kazi ya kijeshi. Mtoto asiye na chakula si adui wa mtu.

Götzen aliondoka mwaka 1906. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 aliwatwika waganga na dawa yao mzigo mkubwa wa lawama, kana kwamba pamba na kodi vilikuwa mambo madogo. Alifariki Hamburg mwezi Desemba 1910, akiwa na umri wa miaka 44, mwaka uleule wa makubaliano ya Brussels. Meli iliyopewa jina lake ilielea katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.