Kapteni Mbaye Diagne: Shujaa Asiyekuwa na Bunduki



Tukitaja mashujaa wa vita katika darsa zetu, kwa kawaida tunarudi Badr na Uhud, na hiyo ni haki yao. Leo napenda niwakumbushe askari Mwislamu aliyekufa hapa hapa Rwanda, katika zama za wazazi wetu. Alitunukiwa nishani za ushujaa, ilhali mkononi hakuwa hata na bastola.

Mbaye Diagne alizaliwa Senegal mwaka 1958, akakulia Pikine, pembezoni mwa Dakar, katika familia ya watoto tisa. Alikuwa mwanafunzi kama sisi: alisoma Chuo Kikuu cha Dakar, ndipo akajiunga na jeshi na kuwa afisa. Vita alivijua, kwani aliongoza kombania huko Casamance, kusini mwa nchi yake. Mwaka 1993 akatumwa Rwanda kuwa mwangalizi wa kijeshi, na baadaye akawa chini ya UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Kazi ya mwangalizi ni kutazama na kutoa taarifa. Habebi silaha.

Tarehe 7 Aprili 1994, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa jijini Kigali. Askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wakimlinda walikamatwa, nao wakauawa. Watoto wake walikuwa wamejificha jirani. Kapteni Mbaye alikwenda, akawapakia garini na kuwafikisha Hoteli ya Mille Collines, na baadaye wakatolewa nchini.

Hapo ndipo kazi yake halisi ilipoanza. Amri iliyotoka juu ilikuwa kutojiingiza katika kuokoa raia. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama likaamua kikosi kipunguzwe hadi watu 270 tu. Wengi waliondoka, Mbaye akabaki. Gari lake lilibeba watu wachache kwa safari moja, na njiani palijaa vizuizi, zile bariyeri za Interahamwe wenye mapanga na bunduki. Alipita kwa ucheshi, kwa sigara za kugawa, na kwa sura ya mtu asiye na haraka. Akiwashusha watu wake mahali salama, aligeuza gari na kurudi. Jenerali Dallaire, kamanda wa kikosi, alijua yanayotendeka wala hakumzuia. Waliookolewa ni mamia.

Mimi ni kijana wa Nyakarenzo, na jambo linalonigusa zaidi katika maisha yake ni huko kurudi. Kupita kizuizi mara ya kwanza, mtu anaweza kusukumwa na hasira au huruma ya ghafla. Lakini aliyekwisha kuona maiti kando ya barabara, akajua kabisa kinachomngoja, kisha akawasha gari tena kesho yake, huyo ameamua. Ushujaa wake ulikuwa uamuzi wa kila siku.

Tarehe 31 Mei 1994, alipokuwa akirudi makao makuu ya UNAMIR na ujumbe kwa Dallaire, kombora la mota lilianguka karibu na gari lake kwenye kizuizi. Akafa papo hapo, akiwa na umri wa miaka 36. Zilikuwa zimebaki siku chache tu arudi nyumbani kwa mkewe na watoto wao wawili. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Heshima zilikuja taratibu. Mwaka 2010 Rwanda ilimtunukia nishani ya Umurinzi, neno ambalo kwa Kiswahili chetu ni mlinzi. Mwaka 2014 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2154, lilianzisha nishani ya ujasiri wa kipekee yenye jina lake. Ya kwanza alikabidhiwa mjane wake mwaka 2016.

Ndugu zangu, alifanya haya Kigali, mbali na vilima vyetu. Lakini hapa Rusizi sote tunaujua uwanja wa Kamarampaka, na tunajua kwamba mwaka ule watu waliokusanywa mle walitolewa kwa majina na kwenda kuuawa. Walikosa mtu wa kuwapitisha kizuizini. Maana ya aya ya 32 ya Suratul Maida, kuhusu uzito wa nafsi moja, wengi wetu tumeihifadhi. Kapteni Mbaye aliitenda, watu watatu au wanne kwa safari.

Sisi hatuna vizuizi vya mapanga leo. Tunayo mazungumzo bwenini ambapo mwenzetu anadharauliwa kwa kabila lake, kwa dini yake au kwa umaskini wake, nasi tunanyamaza kwa kuwa si kazi yetu. Naye kuokoa watu haikuwa kazi yake.

Allah amrehemu Kapteni Mbaye Diagne, amkubalie amali zake, awarehemu wote waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na atujaalie moyo wa kurudi. Amin.